Kadi Mpya na Mkono wa Mama

Kadi ya picha ya kompyuta niliinunua Uvira, imeshatumika, nikasafiri nayo hadi Baraka nimeipakata kama trei ya mayai. Kompyuta yangu ilikuwa inakwama kila nikifungua video ya mama mdogo, mdogo wake mama, aliyetutoka mwaka huu. Jumamosi tulikuwa tunamaliza matanga, na mama aliniomba kitu kimoja tu: ndugu watakaotoka Kilembwe wamwone mdogo wake akiimba.

Nikafungua mashine, nikachomeka kadi, nikawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi tititi.

Subira sina, nakiri. Nilimtukana muuzaji wa Uvira, ambaye kwa bahati yake alikuwa mbali. Nikailaumu betri ya sola, nikachomoa friji ili umeme wote uende kwenye kompyuta. Soda zikapata joto, kioo hakikujali. Kijibao cha kumbukumbu ya kompyuta nikakisugua kwa kifutio cha shule. Kadi yenyewe niliitoa na kuirudisha mara nne. Siku tatu zikaenda hivyo.

Kila mara kazi ya mwisho, kuchomeka nyaya nyuma ya mashine, ilikuwa ya mama. Meza yetu imebanwa kati ya kabati na ukuta, na mkono wangu mnene haupiti huko nyuma. Wake unapita. Kwa miaka yeye ndiye anayechomoa nyaya ili apanguse vumbi, anazirudisha kwa kupapasa, kisha anaifunika mashine kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Mtaani kwetu televisheni na redio zote zimevikwa hivyo.

Ijumaa asubuhi nilichoka. Nikamwambia awajulishe wageni kwamba video haitakuwepo. Alitazama mikono yake, kisha akauliza, akiniita Papa kama alivyozoea:

"Papa, ile waya ya ekra, mi naiweka tu mu tundu yake ya siku zote. Iko vile?"

Nilihisi masikio yananiwaka moto. Kadi mpya ilikuja na tundu lake, na waya wa kioo ulipaswa kuhamia huko. Mimi fundi, mwenye maneno mengi, sikumwambia.

"Papasa chini kidogo, mama. Kuna chuma kipya."

Akapapasa. Waya ukaingia. Nikawasha, kioo kikapata mwanga, nikafungua video, na mama mdogo akatokea na beseni la ndagala, vile visamaki vya ziwani, kichwani, akiimba na kutucheka sisi tuliokuwa tukimpiga picha.

"Kumbe hizi siku tatu alikuwa mule ndani," mama alisema. "Ni mi nilimufungia mulango."

"Hapana, mama. Ni mi sikukuambia."

Niliona aibu, na nilifurahi, vyote kwa pamoja. Mama alitazama mpaka wimbo ukaisha, akaniomba nirudie, kisha nirudie tena. Jioni alichukua kitambaa chake kama kawaida, akakishika kidogo, akakikunja na kukiweka kabatini bila kuifunika mashine.