Seremala, Redio na Pikapu Iliyogoma

Seremala mwenye karakana nyuma ya ofisi ya maji alikuwa hasikii tangu ana miaka minne, homa ilipomchukulia masikio na kumwachia kila kitu kingine. Mkewe naye alikuwa haishiwi maneno, na mtaa mzima ulimwita Redio. Watani walisema Mungu hakosei hesabu: mwanamke anayetangaza tangu alfajiri kapewa mume asiyesikia, ndiyo maana ndoa ina miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kusikia ugomvi.

"Ugomvi upo," Redio aliwasahihisha. "Ila akichoka anafumba macho."

Kwa kuwa seremala alisoma midomo na mikono, akishafumba macho hata Redio apaze sauti vipi, stesheni ilikuwa imezimwa.

Walikuwa na pikapu kuukuu, rangi yake ilishasahaulika, ya kubebea milango, vitanda na meza. Seremala aliiendesha mwenyewe. Watu walipouliza atajuaje injini ikilalamika, alijibu kwa mikono, na Redio akatafsiri bila aibu: "Anasema gari analisikia kwa makalio." Ulikuwa ukweli mtupu. Kiti kilimwambia kila kitu.

Alhamisi moja asubuhi walikuwa wamepakia kabati la milango mitatu la bibi harusi mmoja aliyekuwa ameshapiga simu mara nne kabla ya saa tatu. Kamba zilikazwa, blanketi likafungwa kwenye pembe, seremala akapanda na kuzungusha ufunguo. Kiti kilikaa kimya kama gogo. Akazungusha tena, kisha akamgeukia mkewe.

"Imesema tik," Redio akamwambia. "Tik moja tu, basi."

Wakamwita fundi umeme wa magari wa pale njia panda, ambaye kila mtu alimwita Bingwa. Alikuja na miwani ya jua, akasikiliza ile tik akiwa amesimama hatua tano mbali, wala boneti hakuifungua.

"Stata imekufa," akasema. "Na hiyo betri nayo sina imani nayo. Tubadilishe vyote viwili, shemeji, tulale usingizi."

Mwaka uliopita Bingwa alisema maneno hayohayo kuhusu betri. Wakanunua mpya, na baada ya wiki pikapu ikagoma tena, kisha ikawaka yenyewe kama mtoto aliyenuna na kuchoka kununa. Betri ile iliyoitwa mbovu walimpa jirani, na mpaka siku hiyo ilikuwa inamwashia taa na televisheni.

"Umepima?" Redio akauliza.

"Nimesikia, shemeji. Miaka kumi na mitano kazini, sikio langu halidanganyi."

Redio akatafsiri. Seremala akatazama, akatabasamu, akajibu kwa mikono taratibu: mwambie kwa kupima hivyo, hata mimi kiziwi naweza kuwa fundi.

"Anasema asante, tutafikiri," Redio akamwambia Bingwa.

Bingwa akaondoka akisema anakwenda kuwatafutia stata nzuri, atarudi baada ya saa moja. Alipopotea kwenye kona, Redio akampigia kaka yake, fundi wa redio aliyeishi mji mwingine. Huyo kaka ndiye aliyewafungia taa za karakana, na siku ya kuondoka aliwaachia mita yake ndogo ya kupimia umeme. Tangu hapo ilikaa ndani ya kopo la misumari.

"Dada, kabla hujatoa hata senti moja," kaka akasema, "washa taa kubwa, halafu shemeji azungushe ufunguo. Niambie taa zinafanyaje."

Gia ikatolewa, breki ya mkono ikavutwa. Redio akasimama mbele ya pikapu, simu sikioni, mkono mmoja ukizungumza na mumewe kupitia kioo. Seremala akazungusha ufunguo. Tik. Taa zikabaki zinawaka kama jua la mchana.

"Hazijafifia hata kidogo," akasema.

"Basi betri usiisingizie. Ingekuwa imechoka, taa zingefifia, au ungesikia tik nyingi mfululizo. Sasa ipime kwa mita."

Mita ilisoma volti kumi na mbili nukta sita. Ufunguo ulipozungushwa, ikashuka kidogo tu, haikufika hata chini ya kumi na mbili. Redio akapiga kigelegele kifupi.

"Usifurahi bado," kaka akamwonya huku akicheka. "Betri iko huru. Stata bado iko rumande. Umeme unaokwenda kwenye stata, ile inayoamsha injini, lazima urudi kwenye betri, na hurudi kwa kupitia ule waya mnene mweusi uliofungwa kwenye injini. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Shemeji azungushe. Inatakiwa isome karibu na sifuri."

Ilisoma sita.

Kaka akasema, "Sita? Hebu rudia." Wakarudia. Sita na kitu. "Dada, umeme unakwama njiani. Huo waya, au mahali ulipofungwa."

Redio aliutazama ule waya. Ulikuwa mnene, mweusi, unang'aa, hauna hata mkwaruzo. "Mbona mzima?"

Seremala alikuwa ameshashuka. Alimfanyia mkewe ishara akae yeye kwenye usukani. Redio akampigia kelele, kwa mdomo na kwa mikono, kwamba mkono wake ukae mbali na feni na mikanda, na seremala akamwonyesha mahali atakapoushika: chini kabisa, pembeni. Redio akazungusha ufunguo mara tatu, akipumzika kati yake. Seremala akaupapasa waya pole pole kutoka kwenye betri, kama anavyopapasa ubao kutafuta fundo lililojificha chini ya randa. Baridi. Baridi. Bado baridi. Alipofika mwisho, penye bolti, akauondoa mkono kwa ghafla, akautikisa, akaanza kucheka kwa ile sauti yake ya kina ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuisikia.

Moto! akasema kwa mikono. Pa moto kama sufuria!

Redio akamtangazia kaka yake habari hizo kwa sauti iliyofika ofisi ya maji.

Walivua kwanza kichwa cha hasi cha betri, ndipo seremala akaingiza spana. Bolti ikazunguka kwa vidole; haikuwa imekazwa na mtu yeyote kwa muda mrefu. Chini yake kulikuwa na kutu na unga wa kijani, na grisi kavu iliyoshikana kama gome. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na kama kuna kitu ambacho hakijawahi kukosekana kwenye karakana ya seremala, basi ni msasa. Alianza na ule mkali, akamalizia na ule laini wa kusugulia meza, akakisugua kile chuma na kichwa cha waya mpaka vikang'aa kupita kiasi kinachohitajika.

"Baba, si kabati hilo!" Redio akamwambia. "Kaza twende!"

Akakaza. Akarudisha kichwa cha betri. Mita sasa ilisoma nukta moja, na hawakuwahi hata kuisoma vizuri, kwa sababu injini iliwaka palepale. Redio aliruka juu. Seremala, mikono miwili juu ya boneti, alihisi mngurumo ukipanda mpaka mabegani, akafumba macho. Safari hii mkewe hakukasirika.

Bingwa alirudi na stata ndani ya mfuko akakuta pikapu inanguruma. Redio alikuwa ameshaandaa maneno ya kumtosha mpaka jioni. Lakini seremala alimshika Bingwa mkono, akampeleka penye bolti, akamwonyesha kutu iliyobaki kwenye kipande cha msasa. Bingwa akavua miwani. Akainama, akatazama kwa muda.

"Sikupima," akasema. "Shemeji, mwambie nimekosa. Stata hii nairudisha nilikoitoa."

Redio akayameza yale maneno yote, jambo ambalo majirani walilizungumzia wiki nzima.

Kabati lilifika saa sita. Bibi harusi alifungua na kufunga milango yote mitatu mara kumi, akawakumbatia wote wawili, na mama yake akamsimulia kila aliyepita jinsi fundi huyu alivyo mwaminifu wa ahadi.

Siku hizi Bingwa ana mita yake mwenyewe. Gari likimshinda, humleta mwenye gari na gari lake karakanani, na seremala huacha randa, hujifuta vumbi, hupapasa nyaya moja moja huku Redio akiwa kwenye usukani akitangaza kila tik. Wenye magari huwa wanashangaa. Kisha wanaanza kucheka nao.