Nilifuta Kazi ya Maalim, Yeye Akalaumu Macho Yake

Mimi ndiye niliyeifuta. Naanza hapo hapo, kwa sababu nikianza na maelezo mengi nitaogopa, kama nilivyoogopa siku zote hizi.

Nafanya kazi katika karakana moja hapa kisiwani Mombasa, tunakereza vipuri vya meli. Shule niliishia darasa la nane, lakini kichwa changu hakiishi ndoto. Tunayo mashine moja ya kukereza inayokwenda kwa kompyuta. Unaiandikia programu, yaani unaieleza mstari kwa mstari kisu kipite wapi na kikate kiasi gani, nayo inaihifadhi ndani yake na kuifuata.

Mwenye kuiandikia alikuwa mzee mmoja wa Mji wa Kale. Mimi nilimwita Maalim. Alinifundisha kila kitufe bila kunificha kitu. Nikibonyeza ovyo alicheka, akiniambia hii si redio, usitafute taarabu humo.

Mashine ile ina ufunguo mdogo. Bila huo huwezi kubadilisha wala kufuta programu. Maalim aliuvaa shingoni kwa uzi, na hakumwachia mtu isipokuwa mimi, tena Ijumaa tu, akienda msikitini. Mimi ni Mkristo wa Rabai, nabaki na mashine. Alinivisha mwenyewe na kuniambia hii ni amana.

Basi timu yetu ya Tononoka ilikuwa na mashindano, na kombe hakuna. Nikajitia kimbelembele: nitalitengeneza mimi, tena la shaba! Nikalichora kwenye daftari, lina kiuno chembamba na mdomo uliopinda nje. Kipande cha shaba nilikipata kwenye vyuma chakavu.

Ijumaa ile Maalim alipotoka, nikaanza kuandika programu ya kombe langu. Katikati mashine ikakataa. Nafasi imejaa.

Ningemngoja tu, jamani! Lakini mashindano yalikuwa Jumapili. Na Alhamisi nilikuwa nimemwona Maalim mwenyewe akifuta programu mbili kuukuu, nikaona ni jambo la kawaida. Nikapitia orodha. Humo hamna majina, namba tupu. Nikapata namba ambayo sikuwahi kuiona ikitumika tangu niajiriwe. Nikafungua droo, karatasi yake ipo, imeandikwa yote kwa mkono wa Maalim. Nikajiambia, ikihitajika itaandikwa upya.

Nikaifuta.

Kombe lilitoka zuri. Vijana walilibeba wakiimba mpaka Makadara.

Wiki iliyofuata ikaja meli yenye pampu mbovu, ikatakiwa shafti ya kuizungusha, ambayo hatukuwa tumeikereza muda mrefu. Maalim akatafuta namba yake, haipo. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, maana macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Akatoa karatasi, akaiandika upya yote. Shafti ya kwanza kisu kikazama, ikaharibika. Ya pili vivyo hivyo.

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Karatasi ile ilikuwa ya siku ya kwanza. Kwa miaka sita kabla sijaajiriwa, kila shafti ilipotoka Maalim aliipima, kisha akarekebisha ndani ya mashine: hapa apunguze kiasi cha unywele, pale kisu kiende polepole. Marekebisho hayo hakuyaandika popote pengine. Yalikuwa mle mle nilimofuta.

Meneja akauliza mbele ya watu nani ameigusa programu. Naapa nilifungua mdomo. Maalim akanitangulia.

"Ni mato yangu haya," alisema, akijigusa macho. "Alhamisi nilikuwa nafuta za zamani. Nimeifuta na hii."

Meneja akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba labda sasa apumzike nyumbani. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Jioni Maalim aliuvua ule uzi akanivisha.

"Chukua, mwanangu. Wewe waona."

Nami nikaupokea! Nikasema ahsante!

Nimekwenda kwake mara tatu ili niseme. Kila mara naletewa kahawa, naulizwa hali ya mashine kama anayeuliza hali ya mgonjwa, na kila mara naondoka sijasema. Mara ya mwisho binti yake alinisindikiza mlangoni, akaniambia baba siku hizi hajiamini. Cherehani za majirani, alizokuwa akizitengeneza kwa kupapasa tu, amekataa kuzigusa. Anasema mkono wake unaharibu vitu.

Mkono wake! Na ulioharibu ndio huu unaoandika.

Ndugu zangu mnaoshika mashine za watu, msifute ambacho hamkukiandika nyinyi, hata kama karatasi yake mnaiona. Na mkikosea, semeni siku hiyo hiyo. Mimi niliogopa kufukuzwa kazi. Kazi ninayo hadi leo, na kila asubuhi nikivaa ule uzi naona kama nimeiba.

Binti yake humsomea gazeti kila siku baada ya chai. Maalim, jina langu sikuliandika, lakini ukisomewa hapa utakuwa umeshanijua. Macho yako hayakukosea. Mkono wako haukukosea. Zipokee cherehani za watu.

Ijumaa nitakungoja nje ya msikiti, nikurudishie ufunguo wako.