Mabutu ya Siku ya Kuandikishwa

Usiku wa kuamkia siku ya kuandikishwa shule sikulala vizuri kwa hamu. Asubuhi mama alinikalisha uani, kichwa changu katikati ya magoti yake, akanisuka mabutu kwa uzi mweusi. Yalikuwa manene, yamesimama utosini. Alitaka mwalimu aone kwamba mtoto huyu ana kwao.

Shule ilikuwa mitaa miwili kutoka sokoni Kariakoo, madarasa machache na watoto tele. Kila siku nilisimama nje ya ua wake nikisikiliza wenzangu wakiimba herufi, na nilizitamani zile herufi kama mtoto mwingine anavyotamani kashata.

Siku hizo wengi wetu hatukuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwalimu alikuambia upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Ukilishika, umri umefika. Mtoto wa mpangaji mwenzetu, aliyezaliwa mimi nikiwa tayari natembea, alitangulia. Alikuwa amenyolewa kipara kwa sababu ya mapunye, na sikio akalishika bila taabu. Akaandikwa.

Ikaja zamu yangu. Mkono ukapanda juu ya mabutu, vidole vikaishia hewani. Nikajinyoosha mpaka bega likauma.

“Mlete mwakani, mama,” alisema mwalimu.

“Ni nywele hizo, mwalimu. Kichwa chenyewe kidogo.”

“Naona. Lakini mkono haujafika, na nafasi zenyewe hizi.”

Tulirudi nyumbani. Mama alinifumua palepale mlangoni, kisha akachukua wembe wa baba na kuninyoa huku machozi yanamdondoka kwenye shingo yangu. Kesho yake tukarudi. Sikio nililishika barabara, nafasi zilikuwa zimekwisha.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Mwenye mapunye alirudi kila mchana na kibao chake chini ya kwapa, akanifundisha herufi kwa majivuno ambayo mpaka leo sijamsamehe. Mwaka uliofuata niliingia na kipara changu, na kwa kuwa shule ilitaka wasichana wanyolewe, wembe haukutoka tena nyumbani. Nilisoma. Nilipenda kusoma kuliko kitu chochote, na sisemi uongo.

Nilipomaliza shule nikafuga nywele. Mama alikuwa ameshafariki, hakuziona. Zilipofika kiasi cha kusukika nilikwenda kwa jirani, fundi anayesifiwa mpaka Ilala. Alinisuka vizuri, mistari imenyooka. Ila alipenda kusuka amesimama, mimi nimekaa kwenye kiti, na muda wote ule kichwa changu kilikuwa kinatafuta magoti ya kuegemea.