Mlango wa Nyuma wa Pijo

Gundi ya mpira, ile wanayobandikia kava za viti, ikipigwa na jua hutoa harufu tamu inayowasha puani. Juzi nilipita kwa fundi wa makochi pale Buzuruga, harufu ile ikanisimamisha katikati ya watu. Nikawa tena mtoto wa darasa la tatu, uani kwetu Mabatini, namtazama baba akifungua mlango wa Pijo.

Lilikuwa gari jeupe, la zamani kuliko mama yangu, na baba alilikodisha kwenye harusi. Alikuwa na msemo wake: "Gari la harusi halichelewi, anayechelewa ni bibi harusi." Asubuhi hiyo kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa kimedondokea ndani, na mchana kulikuwa na harusi. Akafungua mkono wa kuzungushia kioo, kisha akapenyeza bisibisi bapa nyuma ya kava la ndani la mlango, akazing'oa klipu taratibu, kama mtu anayemvua shati mtoto aliyelala. Hata hivyo mbili zilikatika. Akaguna. Klipu za gari lile zilikuwa hazipatikani tena Mwanza nzima.

Mlango ukabaki bati tupu lenye matundu makubwa na mashine ya kioo iliyojaa grisi. Baba akaitengeneza, kioo kikapanda, akaingia ndani kunywa chai.

Nilikuwa na mtoto wa paka, nikimwita Dagaa, kwa sababu ndicho alichokula na ndivyo alivyokuwa. Penye tundu alitaka kujua kuna nini. Sikumwona akiingia. Nilimsikia baada ya baba kupaka gundi, kurudisha kava na kuzigonga klipu kwa kiganja. Kilio chembamba kilitoka ndani ya mlango.

"Baba, Dagaa yumo humo!"

Baba akatega sikio. Alisikia, nilimwona akisikia. Akatazama saa, akalitazama kava.

"Atatoka mwenyewe, mama," alisema kwa upole. Huniita mama hadi leo.

"Atatokea wapi? Umeshafunga!"

Mama akaja, mikono ina unga. "Baba Rehema, si umfungulie tu?"

"Gundi haijakauka. Nikilibandua sasa litachanika, na klipu zitaisha zote. Bibi harusi apande gari lenye mlango uchi?"

Mama akarudi jikoni.

Mimi ndiye niliyekuwa nimepangwa kubeba maua, kwa hiyo niliketishwa nyuma, kando ya bibi harusi, ubavu wangu umegusana na mlango uleule. Tulishuka kuelekea ziwani, akina mama wakipiga vigelegele kwenye gari la nyuma yetu. Nilibandika kiganja kwenye kava, nikahisi kucha zikikwaruza upande wa pili.

"Mbona kama kuna kitu kinalia?" bibi harusi akauliza.

Baba akacheka. "Gari la zamani hilo, dada. Nalo linakuimbia." Bibi harusi naye akacheka, na baba akaongeza sauti ya redio.

Tulipofika penye watu, bibi harusi aliinama juu yangu ili ateremshe kioo awapungie. Nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Akanitoa taratibu, akitabasamu, akazungusha. Kioo kilishuka vizuri kabisa. Baada ya hapo sikuhisi kitu tena.

Kesho yake asubuhi baba alilibandua lile kava. Hakuna klipu hata moja iliyokatika.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alimchukia Dagaa. Lakini Dagaa alilala juu ya viatu vyake, naye alimkuna shingo kabla ya kuvivaa. Nilidhani ukatili ni lazima uje na hasira na fimbo. Sikujua kwamba unaweza kukuita mama, ukatazama saa, ukapima, ukaona kitakachopotea si kikubwa.

Sasa baba ni mzee, anaishi kwangu. Mwezi uliopita aliwasimulia wanangu habari za harusi ile, jinsi Pijo lilivyong'aa. "Na mama yenu alilia kwa furaha njia nzima," akasema, akanigeukia nimuunge mkono. Nilimtazama machoni. Hakuwa anaficha chochote. Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja aniombe radhi, kumbe kwake siku ile hakuna kilichotokea.