Vijidudu vya Matope ya Bahari

Bahari siijui. Nimezaliwa Kigali, nashona nguo mtaa wa Niboye, na kamba wa baharini nimewaona kwenye televisheni tu. Kumbe ndugu zao wadogo watakuja kukaa juu ya kabati langu la vyombo!

Waliletwa na binti wa kaka yangu, anayesomea viumbe wa baharini huko Tanzania. Alikuja likizo na chupa za vijidudu vidogo kama punje za mchele. Ndiyo kazi yake ya mwisho. Bila hiyo hamalizi chuo. Aliniwekea kimoja chini ya lenzi. "Hiki, shangazi, kinajizika chenyewe matopeni. Kinachimba kwa miguu mpaka yanabaki macho." Nikacheka, nikamwambia hata mimi mgeni mkorofi akibisha hodi natamani nifanye hivyo hivyo.

Akaenda Huye kumsalimia mama yake, akaniachia neno moja: "Usiziguse, iko dawa ndani."

Sasa, kwetu Ramadhani ikikaribia tunasafisha nyumba yote, hadi mvunguni. Nikashusha chupa nipanguse vumbi, kifuniko kimoja kikalegea. Harufu hiyo! Astaghafirullah, dawa gani hii? Pombe tupu, tena kali, na mwezi mtukufu uko mlangoni! Hasira zikanipanda. Nikazimwaga zote kwenye sinki, kwa chujio ili vijidudu visipotee, nikavirudisha chupani na kuvijazia maji safi yaliyochemshwa. Nikajiona mjanja kweli, nimeokoa dini na masomo kwa pamoja.

Aliporudi tulikuwa tumeshaanza kufunga. Akafungua chupa ya kwanza, akarudisha uso nyuma. Uvundo. Ndani ulibaki ute wa kijivu, na nyingine zote vilevile. "Ile pombe ndiyo ilikuwa inavihifadhi, shangazi," akasema. "Ungenipigia tu." Basi. Wallahi, heri angenigombeza.

Akampigia mwalimu wake, amesimama karibu na cherehani yangu. "Ni uzembe wangu, mwalimu. Nilisahau kuongeza dawa." Nilimsikia vizuri. Mtoto amefunga, anasema uongo mchana kweupe ili wasomi wasimcheke shangazi yake. Ningeweza kunyoosha mkono, niseme nipe hiyo simu, ni mimi niliyemwaga. Mkono ukabaki juu ya kitambaa. Niliona haya, nikaogopa.

Akakata simu, akajifuta macho kwa mtandio. Kisha akaniuliza, kwa upole uleule, "Leo tufuturu na nini, shangazi?"