Mng'arisha Ndege Aliyeiacha Khutba

Habari ya kifo chake niliipata kwa simu ya bintiye, asubuhi, nikiwa barazani nangoja uji upoe. Alinisalimia, akaniuliza hali yangu na ya watu wa nyumbani, maana watoto waliolelewa vyema hawaachi adabu hata siku ya msiba, kisha akasema, "Maalim, baba ametutangulia. Tutamzika huku Msambweni baada ya laasiri, inshallah." Nikasema maneno tunayoyasema sote, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Mtu kuugua akitunzwa na mwanawe, kwenye kitanda safi, akafa na shahada mdomoni, ni jambo la kushukuru. Lakini shukrani yangu haikutulia. Marehemu alikuwa ameniagiza nimwulizie swali kwa mzee mmoja wa msikiti wetu, na jibu lilikuwa bado halijamfikia. Alitaka kujua kama mzee yule amemsamehe. Ili msomaji aelewe ni kosa gani lililomtia mtu hofu hata akiwa kitandani, sina budi kueleza kwanza kazi aliyoifanya.

Alikuwa akipaka nta ndege ndogo. Sisi tunaokaa nyuma ya Ukunda tumezoea kuzisikia zikipita juu ya mapaa yetu, ndege za watu binafsi wenye nyumba Galu na Diani, lakini ni wachache tuliowahi kujiuliza nani huziosha. Chumvi ya bahari haichagui. Hula mabati yetu, na hula bawa la tajiri vilevile. Marehemu aliziosha kwa maji matamu, akabandua wadudu walioganda kwenye ukingo wa mbele wa bawa, akapaka nta kidogo kidogo kwa kuzungusha mkono, akaiacha ikauke mpaka iwe kama unga, kisha akaifuta kwa kitambaa laini hadi auone uso wake humo. Kipande kimoja kikiisha, ndipo ahamie kingine. Akija msikitini magharibi, harufu ya nta ilitangulia kuingia.

Siku moja alinieleza jambo lililokuwa likimnyima raha katika kazi hiyo. Ubavuni mwa ndege mna vitundu vidogo, vidogo kama tundu la sindano ya magunia. Humo ndimo ndege inamopimia hewa, na vipimo vilivyo mbele ya rubani humwambia yuko juu kiasi gani na anakwenda kasi gani. Nta ikiingia humo, au vitundu vikisahauliwa vimezibwa, vipimo husema uongo, na rubani aliye katikati ya mawingu hana kingine cha kumwongoza. Kwa hiyo kabla ya kugusa sabuni yeye huviziba kwa selotepu nyekundu, na kazi ikiisha huibandua. Nikamwuliza kwa nini iwe nyekundu. Akanijibu, "Ili hata mjinga aione, Maalim. Na mjinga wa kwanza ni mimi."

Sasa Ijumaa moja selotepu nyekundu ilimwishia. Akatumia ile ya karatasi, ya mafundi wa rangi, yenye rangi ya maziwa, na ndege yenyewe ilikuwa nyeupe. Tena aliifanya kazi kwa haraka, maana mnajua Ijumaa ya huku ilivyo: mtu hutaka kuwahi kuoga josho, kuvaa kanzu iliyopigwa pasi, na kupata nafasi safu ya mbele. Mwenye ndege, ambaye huirusha mwenyewe, alikuwa arudi bara mchana huo pamoja na mkewe na watoto. Marehemu alimaliza, akaoga, akaja kuketi mbele kabisa, nami nikapanda mimbari. Katikati ya khutba nikamwona anavitazama vidole vyake. Akavigeuza, akavisugua, akavinusa. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa akitafuta gundi. Mtu akibandua selotepu, gundi hubaki kwenye ncha za vidole, naye hakuipata. Alikuwa ameshasahau kwamba amekwisha kuoga, tena kwa kujisugua. Alijua jambo moja tu, kwamba hakumbuki kuibandua.

Akainuka. Kwa wasomaji wangu wasio Waislamu, niseme kwamba wakati wa khutba hatuzungumzi, hata kumwambia jirani anyamaze hatumwambii, na kuwaruka watu mabegani ni miongoni mwa mambo yanayochukiza sana. Yeye aliziruka safu zote kuelekea mlangoni. Njiani alizikanyaga kwa kisigino chake kizima ncha za vidole vya mzee mmoja aliyekuwa ameegemeza mkono sakafuni. Mzee huyo ni mshona kofia, zile kofia za vito zinazodariziwa kwa mkono, ambazo moja huchukua miezi, na riziki yake yote imo katika vidole hivyo. Alitoa sauti ya uchungu ambayo msikiti mzima uliisikia. Marehemu hakugeuka.

Yaliyotokea kwenye uwanja wa ndege niliyapata kwake mwenyewe na kwa mlinzi wa pale, Mkristo wa kutoka bara aliyehamia Ukunda zamani. Panga la mbele lilikuwa limekwisha kuanza kuzunguka. Mlinzi alimwona mtu anakuja mbio, kanzu ameikunja kiunoni, viatu hana, akapita kizuizi bila salamu na kusimama mbele ya ndege huku amenyoosha mikono yote miwili. Injini ikazimwa. Mwenye ndege akashuka.

"Mzee, kuna nini?"

"Selotepu, bwana. Sikumbuki kama niliitoa."

Wakaizunguka ndege pamoja, marehemu akipapasa kwa kidole tundu moja baada ya jingine. Vyote vilikuwa wazi. Selotepu ilikuwa ndani ya ndoo yake bandani, imeviringwa kama alivyozoea kuiviringa. Mwenye ndege akapumua, akasema, "Kwani unafikiri mimi sikagui? Nimeizunguka hii ndege sasa hivi, na huwa naizunguka kila safari."

"Umekagua, bwana, na Mungu akuzidishie. Lakini aliyeziba ni mimi."

Ndege ikaruka salama, watoto wakampungia mkono dirishani. Lakini kabla ya kupanda, baba yao alimwambia mlinzi kwa upole kwamba mzee huyu asiitwe tena kuiosha, kwa kuwa mtu asiyekumbuka mikono yake mwenyewe imefanya nini, haifai kumkabidhi roho za watoto. Naona hakuwa na ubaya. Hata mimi nikilifikiri neno lile, sipati urahisi wa kulikataa.

Alirudi msikitini tukiwa bado tumesimama nje. Watu wetu hawakosi maneno. Mmoja akamwuliza, "Ndugu yangu, ndege ina haraka kuliko Mola wako?" Mwingine akadakia, "Mwacheni, alikimbilia kiti cha dirishani." Wakacheka, naye akawapitia mmoja mmoja akiwaomba radhi na kuwapa mkono, na kila mmoja akaupokea. Alipofika kwa mshona kofia, mzee akakificha kiganja chake ndani ya kanzu, akasema, "Mimi sasa hata mkono wa kukupa sina." Akaondoka. Kwa muda mrefu hakuweza kushika sindano, na kofia aliyokuwa ameiahidi kwa harusi ya mtu wa Wasini haikuisha. Ndiyo maana nasema hasira yake ilikuwa na haki. Ndege imekutwa salama, vidole vimepondwa, na hakuna aliyeokolewa.

Wako waliosema kwamba marehemu ana wasiwasi, apelekwe akasomewe. Jambo hilo nimelitafakari kwa miaka, kwa sababu dini yetu inatuonya kweli dhidi ya wasiwasi. Kuna mtu hurudia udhu mara kwa mara mpaka sala impite, na tunamwambia huo ni mchezo wa shetani. Lakini wanavyuoni wa dini hiyo hiyo wametufundisha kwamba mtu akiwa ndani ya sala akamwona kipofu anaelekea kisimani, aikate sala akamshike. Je, akimfikia akakuta kisima kimefunikwa? Sikuwahi kusikia mwalimu yeyote akisema kwamba mtu huyo ametenda dhambi. Ninavyoona mimi, wasiwasi wa shetani humzungusha mtu ndani ya nafsi yake mwenyewe, ajione msafi zaidi. Hofu ya marehemu ilikuwa kwa ajili ya watoto asiowajua majina. Hata hivyo nakiri kwamba mpaka kati ya hofu hizi mbili ni mwembamba, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Baada ya Ijumaa ile alijiwekea desturi mpya kwa wale wateja waliobaki naye. Hakubandua selotepu akiwa peke yake tena. Alimwita yule mlinzi, akamsimamisha ubavuni mwa ndege, akabandua mbele ya macho yake na kumwuliza, "Umeona?" Mlinzi, ambaye ni mtu wa mizaha, alikuwa akilalamika: "Babu, kila siku wanifanya shahidi, na kesi yenyewe siioni." Naye humjibu, "Omba usiione, mjukuu wangu." Mlinzi aliniambia kwamba mwanzoni aliangalia kwa kumridhisha mzee tu. Baadaye akajikuta, akienda kulala, anajiuliza kama kweli ameona au amesema ameona. Alimwambia marehemu, "Babu, umeniambukiza." Wakacheka wote wawili, lakini nadhani hakuna aliyecheka sana.

Nami naliona hilo kuwa ndilo tunalolikosa siku hizi. Pwani yetu inajengwa kwa haraka. Fundi wa umeme hotelini huacha waya ukining'inia kwa kuwa mkaguzi atakuja; mkaguzi naye hupita mbio kwa kuwa fundi anajulikana. Mwenye boti ya kwenda Wasini huamini kwamba nahodha amehesabu majaketi ya kuokolea, na nahodha huamini kwamba yaliwekwa na mwenye boti. Muuza dawa hudhani daktari amemwuliza mgonjwa, daktari hudhani muuza dawa atamwuliza. Hakuna hata mmoja kati yao aliye mwovu. Kila mmoja ameiweka hofu yake mikononi mwa mwenzake, na mwenzake hana habari kwamba ameipokea. Nikipanda chombo chochote siku hizi, au nikimwona mjukuu wangu anawasha taa katika nyumba mpya, moyo hunidunda kidogo. Nadhani hata wasomaji wangu wengi huwadunda, ila hatuambizani.

Mara ya mwisho nilipomtembelea huko Msambweni kwa bintiye, alikuwa amekonda, lakini akili yake ilikuwa timamu. Bintiye alituletea chai, tukazungumza habari za watu wa msikiti. Kisha akasema, "Maalim, kwa Mungu natarajia rehema zake. Wasiwasi wangu ni yule mshona kofia. Haki ya mtu iko kwa mtu mwenyewe. Nilimwendea nyumbani mara nyingi, akanitolea kahawa, akanyamaza. Nenda kaniulizie." Nikaenda. Mzee alikuwa barazani kwake na kofia pajani, vidole vimepona, isipokuwa kimoja kilichobaki kimepinda. Nilipomweleza, alitia nyuzi mbili tatu kabla ya kujibu. "Mwambie aje mwenyewe." Nikasema hawezi kutembea. Akafikiri. "Basi nitakwenda mimi. Neno kama hilo halitumwi. Nimalize kofia hii kwanza." Kofia haikuwahi kumalizika, maana simu ya binti ilifika kabla.

Nilikwenda naye mazikoni. Baada ya sala ya jeneza, kama ilivyo ada, niliuliza kama yuko anayemdai marehemu haki yoyote, ajitokeze. Mshona kofia akapita mbele taratibu, watu wakimpa nafasi, akasimama karibu kabisa na jeneza. "Mimi nilikuwa na haki kwake," akasema. "Nimemsamehe. Nilikuwa nimemsamehe zamani, ila nilitaka aone kwamba iliniuma. Nimekaa na neno lake mpaka limekosa mwenyewe." Kisha akarudi nyuma, akajifuta uso kwa ncha ya kilemba, tukambeba ndugu yetu kaburini.

Msamaha huo umefika unapotakiwa kufika, kwa kuwa Mungu haelemewi na kuchelewa kwetu. Sina shaka na hilo, na ninashukuru. Ninaloliogopa ni sisi tuliobaki. Mtu aliiacha khutba kwa kuhofia roho za watu, akakuta hakuna hatari, na malipo yake yakawa kuchekwa, kunyang'anywa kazi na kuhisi kuwa mkosaji hadi siku za mwisho za uhai wake. Msikitini Ijumaa ile walikuwamo makuli, mafundi, madereva na wapishi wa mahoteli, na wote waliyaona hayo. Siku mmoja wao akikumbuka, katikati ya shughuli, kwamba huenda ameacha gesi wazi, atayapima macho yetu kabla ya kuinuka, na huenda akabaki ameketi. Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu: mtu akisimama ghafla kati yetu na hofu imemjaa usoni, tumpishe kwanza. Alikokuwa akienda tutamwuliza akirudi.