Tronsoneze Ndogo ya Mama Faridah

Mama Faridah alicheka njia nzima kutoka kwake mpaka sokoni Kasongo. Mimi ndiye niliyempakia. Naitwa Clovis, ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, na mgongo wangu unawajua abiria wa kila aina: wapo wanaosali, wapo wanaosinzia, wapo wanaonibana mbavu kila tukikaribia dimbwi. Yule mama alicheka tu. Tulipopiga shimo alicheka, tulipomkwepa mbuzi alicheka, na mbuzi mwenyewe alituangalia kama mtu aliyetukanwa.

“Clovis,” akaniambia sikioni, “leo narudi na mashini yangu!”

Huyu mama anaoka mikate. Nyumba yake iko kando ya barabara ya Kabambare, na asubuhi hakuna mtu anayepita pale bila pua yake kugeuka. Tanuri yake ya udongo inakula kuni kama kuku anavyokula mchwa. Zamani mumewe, Papa Amuri, ndiye aliyepasua kuni hizo kwa shoka, mpaka siku mgongo wake ulipokataa kunyooka. Kuni za kununua zinaletwa kwa baiskeli, na bei yake inapanda kila mvua ikinyesha. Na kumbe nyuma ya shamba lao wakata mbao walikuwa wameacha matawi manene na vipande vya magogo, vya bure kabisa kwa yeyote mwenye uwezo wa kuvikata. Shoka la Papa Amuri liliyagonga likaruka kama mpira. Ndipo mama akaamua: atanunua tronsoneze, ule msumeno wa mashini unaonguruma, lakini ndogo, ya kazi za nyumbani.

Duka la Djuma linauza vipuri vya pikipiki, pampu na tronsoneze. Alipomwona mama, Djuma alinyoosha shingo kutazama nyuma yake.

“Papa Amuri iko wapi?”

“Iko nyumbani, anakunywa chai. Mashini ni yangu mimi.”

Djuma akakohoa, akateremsha tronsoneze moja kubwa, nyekundu, upanga wake mrefu kama mguu wa mtu. Akasema hiyo ndiyo wanayobeba wanaume wa pori, inaangusha mti ambao watu wanne hawawezi kuukumbatia. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Mashini ikateremka, na yeye akateremka nayo, akaketi kwa kishindo juu ya lundo la mipira ya matairi. Mimi nikakimbia kumwinua, lakini alikuwa anacheka hata machozi yanamtoka, akashindwa kusimama.

“Djuma mwanangu, mimi nataka kukata kuni. Sitaki kumaliza pori!”

Djuma naye akaanza kucheka. Akatoa ya pili, nyepesi, safi, ya betri. Akaisifu: haina moshi, haina kelele, hata mtoto mchanga hataamka, kazi yake ni kuichaji tu.

“Naichaji wapi?”

Djuma akatazama taa iliyoning’inia darini, ambayo sijawahi kuiona ikiwaka. “Kwa pano ya jua, mama.”

“Pano yangu inawasha taa na simu ya Papa Amuri. Nikiichomeka hii, yeye atakosa habari za mpira, na mimi nitakosa bwana.”

Basi ikabaki moja, juu kabisa, imejaa vumbi. Ilikuwa ya rangi ya machungwa, na upanga wake ulikuwa mfupi kama mkono kuanzia kiwiko. Djuma aliishusha kama anayeona haya. “Hii ni kadogo, mama. Wakata mbao wanaicheka.”

Mama akaishika. Akaiinua, akaishusha, akaigeuza kulia na kushoto, akaiweka kiunoni kama anavyobebwa mtoto. Kicheko kikamwisha, akawa mtu wa maswali. Mnyororo ukikatika, nitapata mwingine hapa Kasongo ao mpaka niagize Bukavu? Djuma akaonyesha minyororo iliyotundikwa kwenye msumari. Na buji, ile ya kutoa cheche? Ipo, ile ya kawaida. Na mkono wangu ukishtuka? Djuma akamwonyesha ile kinga iliyo mbele ya mshiko: ukiisukuma mbele, mnyororo unasimama palepale. Akamfundisha kuchanganya esanse, petroli ileile ya pikipiki, na mafuta ya injini, na kwamba mnyororo una mafuta yake mwenyewe, katika tundu lake. Mama akayarudia yote kwa sauti, kama mtu anayejifunza wimbo. Na miguu? “Boti, mama. Si sandali.” Akanunua boti za mpira ngumu, akazivaa palepale chini ya kikwembe chake cha maua.

Djuma akatia mafuta, akaweka mashini chini, akamwonyesha jinsi ya kuikanyaga kwa mguu na kuvuta kamba. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikanguruma, kuku wa jirani wakaruka ukuta, na mama akapiga kelele ya furaha kuishinda ile mashini. Bei ilishuka, naamini, kwa sababu Djuma hakuwa na nguvu za kubishana na mtu mwenye furaha namna ile. Akamwongezea na miwani ya plastiki ya kukinga macho.

Tulipokuwa dukani upepo ulipita mkali, na mvua fupi. Hatukuijali. Lakini tuliporudi, mama nyuma yangu kaikumbatia mashini yake, tulikata kona tukakuta barabara imefungwa. Mparachichi mzee, uliokuwa umesimama asubuhi, ulikuwa umelala kutoka mtaro hadi mtaro, na mitaro yenyewe imejaa maji.

Ng’ambo ya mti palikuwa na harusi.

Pikipiki zilijipanga na tepe nyeupe kwenye usukani, wanawake wa sare moja, ngoma, na katikati yao bibi harusi, Laura, katika nguo nyeupe chini ya mwavuli. Baba yake, Papa Théophile, alikuwa amekunja suruali ya suti mpaka magotini, anaupiga mti kwa panga la kuazima. Jasho lilimtoka mpaka kwenye tai.

“Padri anatungojea Kasongo, na bwana harusi naye!” akatupigia kelele. “Padri akichoka, anafungisha ndoa ya wengine!”

Mama Faridah akashuka polepole. Akautazama mti toka mizizi hadi majani.

“Clovis,” akasema, “Mungu amenitupia kuni barabarani.”

Akavaa miwani. Papa Théophile akaruka tawi, akanyoosha mikono. “Mama, wacha, utajiumiza. Nipe mimi.”

“Baba, umeshaishika tronsoneze siku moja?”

“Hapana.”

“Basi tuko sawa. Lakini mimi niko na boti.”

Harusi nzima ikalipuka kwa kicheko. Mama akawaambia wote wasogee mbali, akaikanyaga mashini, akavuta. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Laura akapaza sauti toka mwavulini, “Mama, vuta, usikate tamaa!” Ndipo mimi nikaona kidude cha kuwashia, pale kwenye mshiko, kiko chini, nikamwonyesha. Akakiinua, akavuta, na ikanguruma!

Alianza na vitawi, kama mtu anayekula samaki kutoka pembeni. Vilianguka kimoja kimoja, na wavulana wa ngoma wakavivuta mtaroni. Halafu matawi manene. Unga wa mbao uliruka ukamfanya mweupe kuliko bibi harusi. Wapiga ngoma wakaanza kuifuata mashini: ikinguruma, wanapiga, ikipumua, wanapumzika.

Shina ndilo lilileta shida, kwani lilikuwa nene kuliko upanga. Alikata kutoka juu, na ghafla mti ukabana, mnyororo ukakwama. Mashini ikazima, ngoma zikanyamaza. Mama akavua miwani, uso wake ukawa na duara mbili safi kama bundi, na sasa hakucheka hata kidogo. Alikuwa bado hajailaza mashini yake nyumbani hata mara moja.

“Nguzo!” akasema Papa Théophile. Tukakata mti mwembamba, tukaupenyeza chini ya shina, wanaume wote na suti zao tukainua. Mdomo wa mkato ukafunguka kidogo, tronsoneze ikatoka nzima. Safari hii mama aliingia kutoka chini, akapandisha polepole, mpaka ikakutana na njia ya kwanza. Shina likaanguka, puu! Tukaliviringisha mtaroni, maji yakaturukia wote.

Vigelegele vilisikika mpaka mto Lualaba, nadhani. Laura akatupa mwavuli, akamkimbilia mama, akamkumbatia. Alipomwachia, mkono wa nguo nyeupe ulikuwa na doa la mafuta kama kiganja. Mama yake akashika kichwa. Laura akalitazama doa, akaangua kicheko.

“Liache likae, mama. Wakiniuliza, nitawahadithia. Na wewe Mama Faridah, haubaki. Tunaenda wote.”

Basi tukageuza tena kwenda Kasongo. Padri alikuwa bado anangoja. Karamuni mama aliketi na boti zake, kikwembe kimejaa unga wa mbao, na tronsoneze ikapewa kiti chake kando yake. Simu ikalia. Ilikuwa Papa Amuri, na sauti yake niliisikia hata mimi.

“Uko wapi?”

“Niko harusini.”

“Harusi ya nani?”

“Siwajui vizuri. Nimekata muti yao.”

“Na mashini?”

“Iko hapa. Imeketi mbele kuliko mimi.”

Jua likiwa bado juu ya michikichi, ndugu wa Laura walianza safari ya kurudi. Pale penye mparachichi walisimama wote, mama akalikata shina vipande. Kila pikipiki ikapakia magogo yake, zile tepe nyeupe bado zinapepea, na Papa Théophile akabeba kigogo mapajani kama mjukuu. Tulienda tukipiga honi, ngoma nyuma, mimi na mama mbele. Papa Amuri alisikia kelele, akatoka akishika kiuno, akafungua mlango wa ua, akatutazama tukiingia mmoja baada ya mwingine na kuni zetu.

“Faridah,” akauliza, “nani anaoa hapa kwangu?”